Tenisi ya Mama Nyanda

Katika mbuga za Usangu, kuanzia barabara kuu pale Chimala mpaka kule ndani ambako masika magari hayafiki, hakuna samli iliyosifiwa kama ya Nyamizi. Ilikuwa ya njano, inanukia tangu kopo likiwa limefungwa, na haikuacha uchafu chini. Watu walimwita Mama Nyanda, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na mtu aliyeishiwa samli alisema tu kwamba anakwenda kwa Mama Nyanda, ikaeleweka anafuata nini.

Yeye na mumewe Ngolo walihamia huko kutoka Maswa, wakiswaga ng'ombe wao kwa miguu safari ndefu kiasi kwamba ndama waliozaliwa njiani walifika wakiwa wameshaota pembe. Usangu majani yalikuwa tele, maziwa yakawa mengi. Kila asubuhi Nyamizi alikaa kwenye kigoda mlangoni, kibuyu kikubwa cha maziwa yaliyoganda kikiwa mapajani, akakisuka mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka siagi ikajitenga. Alianza akiwa msichana kwa mama yake. Hakuwahi kuihesabu kuwa ni kazi. Kwake ilikuwa kama kupumua.

Mwaka 1978, mpunga ukiwa umekwisha kuvunwa, mkono wake wa kulia ukamgeuka. Maumivu yalianza kidogo kidogo upande wa nje wa kiwiko, kama mtu aliyejigonga kwenye fremu ya mlango. Baada ya muda yakashuka mpaka kwenye kiganja. Kikombe cha chai kikamponyoka mbele ya wageni. Kukamua nguo iliyofuliwa kukawa adhabu. Lililomuudhi zaidi lilikuwa kusalimiana, maana kila aliyempa mkono na kuubana kwa furaha alimfanya aone nyota mchana. Kutoa mkono wa kushoto hakuweza, ni utovu wa adabu. Basi akawa anaficha mikono yote miwili ndani ya khanga na kusalimia kwa mdomo tu, na wanawake wa kijijini wakaanza kunong'ona kwamba samli imempandisha kichwa.

Alijaribu yaliyojaribiwa na wengine. Alikandwa kwa chumvi ya moto iliyofungwa kwenye kitambaa. Alichanjwa chale na kupakwa unga mweusi. Alijichua kwa samli yake mwenyewe hadi ngozi ikang'aa, na kiwiko kikabaki kilevile, ila sasa kilikuwa kinanukia.

Mwishowe Ngolo akampeleka zahanati. Mganga wa zahanati alikuwa Silvester, kijana wa Kibena, mpole, aliyependa kueleza mambo kirefu. Alimbonyeza kwenye mfupa wa nje wa kiwiko, kisha akamwambia anyanyue kiganja juu huku yeye akikizuia. Nyamizi nusura ampige kofi kwa mkono uliobaki.

"Mama, hii naijua," Silvester akasema. "Kwenye vitabu inaitwa kiwiko cha tenisi."

Nyamizi akataka kujua tenisi ni kitu gani. Silvester akaeleza kwamba ni mchezo walioleta Wazungu: watu wawili wanarushiana mpira mdogo juu ya wavu, kila mmoja ameshika kitu kama pawa kubwa lenye nyuzi, na wanaocheza sana ndio wanaoumwa namna hii. Ngolo alikuwa amekaa karibu na mlango na fimbo yake, akasikiliza neno kwa neno. Alipoona maelezo yamekwisha akauliza, kwa utaratibu kabisa, mchezo huo unachezewa wapi na saa ngapi, kwa sababu mkewe huamka kabla yake na huenda mambo hayo yanafanyika yeye akiwa bado amelala.

Silvester alicheka mpaka akatafuta kiti. Alipopata pumzi akaeleza tena. Jina lilitokana na wale walioonekana kwanza, lakini ugonjwa humpata yeyote anayerudia mkono uleule kila siku, awe seremala, mpiga rangi au msuka maziwa. Kano zinazoshika nyama ya mkono kwenye mfupa zinachoka, zinachanika vijipande vidogo visivyoonekana. Akampa aspirini na kumwambia apumzishe mkono.

Habari zilifika kijijini kabla yao. Kesho yake kisimani Nyamizi alipokewa kwa jina jipya, Mama Tenisi, na wanawake walitaka awaonyeshe jinsi mpira unavyopigwa. Naye akawaonyesha kwa mkono wa kushoto, kwa kutumia kata ya maji, na minong'ono ya kiburi ikaishia hapohapo. Aspirini alizimeza zote. Kupumzika hakupumzika. Binti zake walikuwa wameolewa mbali, mke wa Nyanda alikuwa na mimba kubwa, na ng'ombe hawajui mtu kuumwa. Maziwa yalikuja kila siku, na kila siku aliyasuka huku amekaza meno.

Mnunuzi wake mkubwa alikuwa Jayantilal, mwenye duka kando ya barabara pale Chimala, muuza vitenge, chumvi, sabuni za mche, majembe na mafuta ya taa. Kwa miaka yote waliyojuana walibishana kila walipokutana, Jayantilal akisema samli ina maji na Nyamizi akimshauri apeleke pua yake kwa daktari, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiria kufanya biashara na mtu mwingine. Siku moja Nyamizi alipoingia dukani, alimkuta mwenyewe amefunga kiwiko cha kulia kwa skafu ya sufu ya mkewe.

Kumbe kila siku alipampu mafuta ya taa kutoka kwenye mapipa kwa mkono, na sasa hakuweza hata kunyanyua mkasi. Nyamizi akamwambia jina la ugonjwa. Uso wa Jayantilal ukachangamka kama mtu aliyepewa cheo. Alipokuwa shule Mbeya alikuwa amecheza tenisi hasa, akasema, tena kwa msimu mzima, kwa hiyo ugonjwa wake ndio wenyewe na wa Mama Nyanda ni wa kuazima. Wakabishana hilo nalo.

Baada ya hapo akamtolea siri aliyokuwa ameikalia. Kaka yake Himmat, mwenye duka Iringa, alikuwa amemletea habari kwa mdomo wa dereva wa lori: kule hospitali amekuja daktari mwanamke kutoka nchi ya Hungaria, na amekuja na mashine inayotoa taa nyekundu. Humulika mtu mahali panapouma, basi. Hakuna sindano wala kisu. Jayantilal aliipenda sana sehemu ya kukosa sindano, lakini hiyo taa ilimtia wasiwasi. Taa ya kutibu lazima iwe kali, alisema, na kitu kikali hakiwezi kupita kwenye ngozi bila kuchoma. Hakutaka kwenda peke yake. Alipenda aende na mtu, na huyo mtu atangulie kuingia.

Nyamizi alilifikisha jambo kwa mumewe akitarajia kukataliwa. Ngolo akachora chora chini kwa fimbo, akasema, "Nenda. Mdogo wako yuko Iringa, utafikia kwake. Maziwa nitajua la kufanya." Nyamizi alidhani atawaachia ndama wanyonye washibe, hakuuliza zaidi.

Wakapanda basi, Nyamizi na Jayantilal na mke wa Jayantilal aliyekuwa anakwenda kuwasalimu mashemeji. Wagonjwa wawili walishikilia viti kwa mikono ya kushoto, na basi lilipoyumba kwenye kona za kupandia Makambako walirushwa upande mmoja kama mabua. Walipofika Mafinga baridi ilikuwa inauma masikio. Jayantilal akaidai skafu ya mkewe aivae shingoni, mkewe akamkumbusha kwamba tayari anayo kwenye kiwiko.

Faustin, mdogo wake Nyamizi, alikuwa mwalimu na aliishi Kihesa na mkewe Apolonia. Apolonia alikuwa Mhehe wa Kilolo, mwenye sauti ya chini na msimamo usioyumba. Alimpokea wifi yake kwa maji ya moto ya kuoga na chai, akamwonyesha kitanda, akamwambia kwamba katika nyumba ile yeye ni mgonjwa na mgonjwa hashiki ufagio.

Daktari mwenyewe aliitwa Ilona. Alikuwa mwembamba, mrefu, nywele fupi zenye mvi, na Kiswahili chake alikisoma kwenye kitabu kabla ya kuja, kwa hiyo aliongea kama msomaji wa habari wa redioni. Alisema naam na la hasha. Wagonjwa wa viwiko walikuwa wengi kuliko Nyamizi alivyofikiri. Palikuwa na seremala, mama mmoja anayekanda chapati, dereva wa trekta, na wengine waliojaza benchi zima, kila mmoja ameupakata mkono wake kama mtoto mchanga.

Daktari Ilona akawaeleza. Taa ile iliitwa leza. Kwao Hungaria waliitumia kwenye vidonda visivyopona, na yeye alitaka kujua kama inasaidia viwiko pia. Hakuwa na uhakika. Kwa hiyo alikuwa na mashine mbili kwenye chumba kimoja: moja ilitoa leza ya kweli, nyingine ilikuwa balbu ya kawaida nyuma ya kioo chekundu. Mgonjwa hataambiwa amepata ipi, na daktari mwenyewe hatajua. Atakayejua ni sista Tusekile peke yake, anayeziwasha. Asiyetaka yuko huru, atapewa dawa za kawaida.

Nyamizi ndiye aliyeuliza, kwa adabu, kwa nini mtu aliyetoka mbali apewe taa ya uongo.

"Nikiwapa nyote leza na nyote mkapona, nitatangaza kwamba leza imewaponya," daktari akajibu. "Lakini huenda mmepona kwa kuwa mlikaa wiki kadhaa bila kazi. Nitajuaje? Naahidi kwamba atakayekuwa amepata balbu na bado anaumwa, atapata leza mwishoni."

Nyamizi alilifikiria na kuona lina maana. Ngolo naye, alipoletewa dawa mpya ya kupe, hakuipaka kundi zima siku ya kwanza. Akasema yuko tayari. Jayantilal aliyekuwa nyuma yake akasema kama Mama Nyanda yuko tayari na yeye yuko tayari, lakini atangulie.

Chumba kilikuwa na mapazia mazito. Sista Tusekile, Mnyakyusa mcheshi mwenye mwanya, alimvisha miwani nyeusi, akamlaza mkono juu ya mto na kuvuta karibu kisanduku kirefu kwenye stendi. Kikavuma. Ikatoka nukta nyekundu, ndogo kama punje ya mtama, ikatua kwenye kiwiko. Nyamizi akavuta mkono kwa nguvu, kwa sababu kitu chekundu namna ile katika maisha yake kilikuwa ni kaa la moto tu. Tusekile akaweka kidole chake mwenyewe kwenye mwanga na kumwonyesha. Nyamizi akarudisha mkono na kungoja kuungua. Hakuungua. Hakusikia joto wala ubaridi, hakusikia kitu chochote. Punje ile ilikaa pale ikimetameta, ikahamishwa kidogo, ikahamishwa tena, kisha ikazimwa, akaambiwa kwa leo imetosha.

Alitoka amenuna. Alikuwa na uhakika kwamba amepewa balbu. Jayantilal aliingia akiwa amefumba macho chini ya miwani na kutoka kifua mbele. Walikuwa wameombwa wasilinganishe, lakini hata lango la hospitali hawakulifikia. Jayantilal akasema yeye amesikia kabisa taa inapenya hadi mfupani, inawasha kama pilipili. Hiyo ndiyo leza. Akampa Nyamizi pole kwa balbu yake, na ilionekana pole hiyo ilimfurahisha sana.

Siku zikaenda hivyo. Asubuhi Nyamizi alitembea kutoka Kihesa mpaka hospitali, akamulikwa, akafundishwa kunyoosha kifundo cha mkono taratibu na kufumba ngumi na kuifumbua, akarudi. Baada ya hapo hakukuwa na la kufanya, na hilo ndilo lililomtesa. Alikaa juani nje ya nyumba ya Faustin akiangalia watu wakipita. Apolonia alimpikia, alimfulia, akakataa hata kumwachia achambue mchele. Nyamizi hakuwa amewahi kupikiwa na mtu tangu alipojifungua kitinda mimba wake, na hata hapo alinyanyuka kabla ya wakati. Alijiona mzigo. Usiku mikono ilimcheza yenyewe kitandani, ikitafuta kibuyu.

Siku moja Apolonia alikwenda sokoni. Nyamizi alisubiri apotelee kwenye kona, akachukua ndoo kubwa, akaenda bombani, akaijaza pomoni na kurudi nayo, akarudia mpaka mapipa yote yakajaa. Kisha akafagia uwanja. Alifurahi kama mtu aliyefunguliwa kamba. Jioni kiwiko kilikuwa kimevimba, na asubuhi yake hakuweza kushika kijiko.

Daktari Ilona aliukamata mkono, akauangalia, akamwuliza amefanya nini. Nyamizi akaanza kusema hajui. Halafu akaona haya kumdanganya mtu aliyewaambia wazi kwamba mwenyewe hajui, akamsimulia habari za ndoo.

Daktari hakukasirika. Alivuta kiti akakaa, na kwa mara ya kwanza Kiswahili chake kikaacha kuwa cha redio. "Mama Nyanda, taa yangu haiwezi kushindana na ndoo yako. Kano yako inajishona yenyewe polepole, na wewe kila siku unaifumua. Unadhani unakaa bure? Kukaa ndiyo kazi niliyokupa."

Nyamizi alirudi Kihesa akiyatafakari maneno hayo. Alimwomba wifi yake msamaha, Apolonia akasema mapipa yaliyojaa hayamkosei mtu, akamletea uji. Tangu siku hiyo Nyamizi akaanza kukaa kweli. Alijifunza kwamba jua la Iringa la saa nne ni tamu, kwamba Apolonia ana hadithi nyingi za Kilolo ambazo hakuzisimulia kwa mtu asiyetulia, na kwamba mdogo wake, aliyemwacha akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, sasa alikuwa mwanamume mwenye mzaha. Maumivu yakaanza kupungua. Hakuyaona yakiondoka. Siku moja aligundua tu kwamba ameshika kikombe cha chai kwa mkono wa kulia na chai imekwisha.

Ilikuwa katika siku hizohizo Ngolo alipotokea. Aliteremka basi akiwa na koti lake la mvua, fimbo, na kopo lililofungwa kwa kitambaa safi. Alisalimia nyumba nzima, akanywa maji, akauliza habari za mvua za Iringa, ndipo akamsogezea mkewe lile kopo.

Ilikuwa samli. Rangi yake ilikuwa imeelekea kwenye kahawia, na moshi ulisikika kabla ya kopo kufunguka sawasawa. Nyamizi alichovya kidole, akaonja. Ilikuwa imeungua kidogo, tena ina chumvi isiyojulikana imefuata nini humo.

"Nani kasuka?" akauliza.

"Mimi," Ngolo akasema.

Nyamizi akamtazama. Kwao mwanamume hasuki maziwa. Mwanamume huchunga, hukamua, hujenga boma, lakini kibuyu hakipakati, na anayeonekana nacho hutungiwa nyimbo. Ngolo akaeleza, macho yake yakiwa mlangoni, kwamba siku za mwanzo alisukia nyuma ya nyumba. Mikono ilimchoka kabla siagi haijatoka, akashangaa mtu anawezaje kufanya hivi kila siku maisha yake yote. Basi akakifunga kibuyu kamba nene na kukining'iniza kwenye tawi la mgunga, ikawa anakisukuma tu kiende na kurudi, uzito wote unabebwa na mti. Watu walikuja kucheka. Wakaimba pia. Kisha wanawake wawili wakaomba wajaribu, na tangu hapo wachekaji walipungua.

Nyamizi aliinuka akaenda jikoni, akachukua ugali uliobaki mchana, akaumega na kuuchovya kwenye samli ile ya kahawia mbele ya mumewe, akala tonge baada ya tonge, mpaka Ngolo akaacha kuangalia mlango na kumwangalia yeye. Faustin alipotaka kuonja akaambiwa kopo hili si la wageni.

Majaribio yalipokwisha, daktari aliwaita wote kwenye benchi lao. Viwiko vikabonyezwa, mikono ikapimwa nguvu. Seremala alikuwa nafuu, dereva wa trekta bado, mama wa chapati nusu nusu. Nyamizi alibanwa kwenye mfupa uleule, akangoja maumivu, yakaja kidogo sana, kama kumbukumbu. Jayantilal alinyanyua kiti kwa mkono mmoja ili watu waone, akawaeleza kwa mara nyingine jinsi leza ilivyompenya.

Ndipo sista Tusekile akaruhusiwa kusema. Alianza na seremala, leza. Dereva wa trekta, leza. Mama wa chapati, balbu. Mama Nyanda, leza. Nyamizi akakitazama kiwiko chake. Tusekile akamgeukia Jayantilal, mwanya wake ukiwa nje wote.

"Bwana Jayantilal, wewe ulipata balbu."

Jayantilal akabaki na kiti mkononi. Benchi zima lilikuwa linamwangalia, na Nyamizi, aliyekuwa ameandaa maneno ya kumlipa pole zake zote, alimwonea huruma akayameza. Jayantilal akakishusha kiti, akavuta pumzi. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, akacheka mpaka machozi, na wengine wakafuata, daktari naye. Alipoweza kuongea akamwuliza daktari balbu hizo zinauzwa wapi, kwa kuwa angependa kuziweka dukani. Akaulizwa kama anataka leza aliyoahidiwa. Akaupapasa mkono wake, akasema mkono uliopona usisumbuliwe, ila akirudi Chimala atakayepampu mafuta ni mtu mwingine.

Nyamizi alirudi nyumbani, akakuta mjukuu amekwisha kuzaliwa, wa kike, na chini ya mgunga vibuyu vitatu vinaning'inia badala ya kimoja, viwili vya majirani. Hakukishusha chake. Alijifunza kukisukuma kwa mwili mzima, miguu ikiwa imara, mara mkono huu mara ule. Siagi ilichelewa kidogo kuliko zamani, lakini ilitoka, na samli ikarudia unjano wake. Jayantilal akaionja na kusema ina maji.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, daktari Ilona alipita akienda Mbeya, akamfuata Jayantilal dukani, wakaja wote kijijini kwa pikapu iliyojaa vumbi. Nyamizi alimkaribisha kwa maziwa ya mgando na viazi vya kuchemsha vilivyopakwa siagi mbichi. Daktari akala bila kuona haya, akasifu, akaomba mkono. Akaubonyeza kila upande. Hapakuwa na kitu.

Wakakaa kivulini. Nyamizi akamwuliza ile taa imeonekanaje, baada ya viwiko vyote vya Iringa. Daktari akasema kwa ukweli kwamba waliopata leza walipona kidogo zaidi ya waliopata balbu, lakini tofauti ilikuwa ndogo mno, na watu wenyewe wachache. Huenda leza inasaidia. Huenda kupumzika ndiko kulikosaidia zaidi. Wenzake kwao wataendelea kutafuta, pengine miaka mingi.

"Umesikitika?" Nyamizi akauliza.

"Hapana. Nilikuja sijui kitu, sasa najua kidogo. Na wewe, unasema nini kilikuponya?"

Nyamizi alifikiri. Aliwaona Apolonia na bakuli la uji, na Ngolo na kopo lake, na ile punje nyekundu iliyokaa juu ya ngozi bila kumfanya lolote.

"Mimi nasema vyote," akajibu. "Lakini taa niliipenda. Ilikuwa nzuri kuitazama."

Daktari akacheka, akasimama, akaomba aonyeshwe jinsi ng'ombe wanavyoitwa kurudi. Ngolo akamwongoza mpaka ukingo wa mbuga, akapiga mluzi, na kundi likaanza kuja polepole katika vumbi la jioni, wakubwa mbele, ndama nyuma. Daktari akajaribu mluzi wake, haukutoka. Jayantilal akajaribu wa kwake, ukatoka mbaya zaidi. Nyamizi alisimama nyuma yao na mjukuu mkononi, akiwahimiza wajaribu tena, mpaka ng'ombe wenyewe wakawa wamefika.